Kuutambua na Kuufufua Wembe Mkongwe wa Kukunja

Kabla hujagusa msasa, kagua makali. Wembe wenye kutu mgongoni na mpini uliovunjika bado unaweza kunyoa vizuri, lakini wenye ufa makalini haufai tena kugusa ngozi ya mtu. Uinue chini ya taa kali, makali yakikuelekea: makali mazima hayarudishi mwanga, na kila panapometa pana pengo au ubutu. Kisha laza shavu la wembe (upande wake mpana, kati ya mgongo na makali) juu ya ukucha wa kidole gumba na ulibonyeze kidogo sana, ukingo upinde na kurudi. Penye ufa, utaona kipande kinacheza peke yake. Vishimo vyeusi vya kutu karibu na makali ni vibaya kuliko vinavyoonekana: jiwe likivifikia, kila kimoja kinageuka pengo.

Sasa tazama mgongo. Wembe hunolewa ukiwa umelala, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo na upana wa wembe ndivyo vinavyopanga pembe ya makali, kwa kawaida nyuzi 16 hadi 18. Walionoa zamani wameacha alama, mistari bapa kila upande wa mgongo. Ikiwa myembamba na inalingana kutoka shina hadi ncha, wembe ulitunzwa. Ikiwa upande mmoja umepanuka sana, chuma kimeliwa isivyo sawa, na kuurekebisha kutakula chuma kingi zaidi. Wembe wa namna hiyo uache, isipokuwa unatafuta wa kujifunzia.

Muhuri wa mtengenezaji uko kwenye shina, kati ya bapa (sehemu yenye makali) na mkia. Miji inayojirudia ni Sheffield wa Uingereza, Solingen wa Ujerumani, Thiers wa Ufaransa na Eskilstuna wa Uswidi. Taji lenye herufi VR ni la enzi ya Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. WR ni la William IV, 1830 hadi 1837. Jina la nchi likifuatana na la mji, mara nyingi wembe ni wa baada ya 1891, maana sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa zinazoingia huko zitaje nchi zilikotoka. Mashavu yaliyonyooka, yenye umbo la kabari, ni ya mtindo wa zamani zaidi. Yaliyokombwa ndani yalienea mwishoni mwa karne ya 19. Umri usiupime kwa mpini, kwa sababu mipini ilibadilishwa mara kwa mara.

Mpini wenyewe unahitaji macho. Wa pembe ya ng'ombe huonyesha nyuzi ukiuinua kwenye mwanga. Wa seluloidi, plastiki ya zamani, hutoa harufu ya kafuri ukiusugua kwa kidole hadi upate joto. Usiupime kwa sindano ya moto, kwani seluloidi hulipuka moto upesi mno. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi, na dalili yake ni kutu inayorudi palepale bapa linapolala ndani ya mpini. Mpini huo hauponi. Uvue, na usiuhifadhi pamoja na nyembe nyingine.

Kusafisha: laza bapa juu ya ubao, makali yasining'inie. Paka mafuta mepesi ya mashine, acha usiku kucha, kisha sugua kwa nyuzi laini za chuma namba 0000. Mara nyingi inafaa kuishia hapo, maana weusi uliotulia hauharibu kitu. Kutu ikiwa imechimba, tumia msasa wa maji namba 600, 1000, halafu 2000, ukisukuma kutoka mgongoni kuelekea makalini. Usifute muhuri, wala usiguse mgongo. Mashine ya kung'arishia iepuke: makalini chuma ni chembamba kama karatasi na hupata moto kwa sekunde chache. Kikigeuka rangi ya nyasi kavu, ugumu wake umeanza kupungua; kikigeuka buluu, umekwisha.

Ukilazimika kufungua mpini, sugua kichwa cha riveti (kijiti cha chuma kinachoshika mpini) kwa tupa na uisukume nje. Riveti mpya ni waya wa shaba ya manjano wa milimita 1.6, acha kama milimita 1 juu ya washa (kipete bapa cha chuma) kila upande, kisha gonga kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi. Pigo zito hupinda riveti ndani ya tundu na kupasua mpini.

Kunoa huanza na jiwe la namba 1000; namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Bandika tepu moja ya umeme mgongoni, sukuma makali yakitangulia bila kukandamiza, na ugeuzie wembe mgongoni kila ukifika mwisho wa jiwe. Usihame hapo mpaka makali yakate nywele za mkono kutoka shina hadi ncha. Ukihama mapema, mawe ya 4000, 8000 na 12000 yatang'arisha ubutu tu. Tepu ikichakaa, weka mpya ya unene uleule. Malizia kwenye ukanda wa kunolea, mgongo ukitangulia: mara 20 upande wa kitambaa, mara 50 upande wa ngozi. Futa bapa kwa spiriti ya asilimia 70, isiguse seluloidi. Wembe ukivuta ndevu kwenye sehemu moja tu ya makali, ukanda hautasaidia. Rudi kwenye jiwe la 1000 na uanze tena kwa sehemu hiyo.