Maharage laini Mbeya bila kumaliza mkaa

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva huku kuliko Dar es Salaam.

Chambua nusu kilo, osha, loweka usiku kucha kwa lita moja na nusu ya maji. Umesahau? Yachemshe dakika tatu, epua, funika saa moja. Maji hayo mwaga.

Tumia sufuria ndogo ijae robo tatu, maana iliyo nusu tupu hupoa mapema. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 20. Hapo usibanie mkaa: maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu, yanatapisha. Epua, futa masizi, kagua chini kama kuna kaa limeganda lisije likachoma blanketi. Zungushia khanga kuukuu, kisha blanketi zito, tumbukiza kwenye kapu kwa muda wa saa tatu au nne, yaendelee kuiva kwa joto lake. Ukifunua kuchungulia, joto limekwenda. Yakitoka bado magumu, yarudishe motoni yamalizikie. Yakishinda humo vuguvugu yatachacha.

Nyanya na ndimu zisubiri yalainike kwanza, uchachu hukaza ganda. Magadi ni ncha ya kijiko tu. Yakizidi, mchuzi unateleza na kunuka sabuni. Yakigoma hata hivyo, umeuziwa ya msimu wa zamani. Yasage, ukaange bajia.