Jinsi ya kusoma alama za sauti kubwa na ndogo kwenye nota za kwaya

Ukichukua karatasi ya wimbo wa sauti nne utaona juu ya mistari herufi ndogo za mlalo: p, mf, f, pengine na mistari miwili inayofunguka kama mdomo. Kwaya nyingi huzipita, zikaimba wimbo mzima kwa nguvu ileile tangu baa ya kwanza (kipande cha wimbo kati ya mistari miwili ya wima) hadi ya mwisho. Nota zinakuwa sahihi, maneno yanasikika, lakini alichokikusudia mtunzi hakifiki kwa msikilizaji.

Herufi zimetoka katika Kiitaliano. p ni piano, yaani kwa sauti ndogo. F ni forte, kwa nguvu. M ni mezzo, nusu. Kutoka chini kwenda juu zinapangwa hivi: pp, p, mp, mf, f, ff. Hapo katikati ndipo watu wanapopotea. mp ni kubwa kuliko p, na mf ni ndogo kuliko f, kwa hiyo mp na mf ni majirani kabisa. Zipo pia ppp na fff, na watunzi wengine wamekwenda mbali zaidi: Tchaikovsky katika Simfoni yake ya 6 ya mwaka 1893 alimwandikia mpiga basuni, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, p sita mfululizo. Nyimbo za kanisani kwa kawaida huishia kati ya pp na ff.

Hakuna alama hata moja yenye kipimo cha desibeli. f ya waimbaji 12 si f ya waimbaji 60, na p inayotosha kwenye chumba cha mazoezi yaweza kupotea kwenye kanisa lenye dari refu. Kwa sababu hiyo mwalimu aanze kwa kutafuta ngazi za kwaya yake. Chukua nota moja iliyo rahisi kwa sauti zote, waimbe "a" kwa pp, sauti ndogo kabisa ambayo bado ina mwili na haivuji pumzi. Kisha waimbe ff, kubwa kabisa bila kupiga kelele wala kukaza shingo. Ngazi nne zilizobaki zipangwe katikati ya hizo mbili. Kwaya nyingi zitagundua kwamba p yao ya siku zote kumbe ni mf, na hilo ndilo tatizo kubwa: ukianzia juu, f ikifika huna pa kwenda ila kupiga kelele.

Kwenye nota za kuimba, alama hukaa juu ya mistari mitano kwa kuwa chini yake kuna maneno. Kwenye nota za kinanda hukaa katikati, kati ya mkono wa kulia na wa kushoto. Ikishaandikwa, alama inaendelea kutawala mpaka ije nyingine. Kimya cha baa mbili hakiifuti. Kama besi walinyamaza wakiwa p, wanaingia tena p, hata kama soprano wako f.

Wanaotumia solfa ya herufi (d, r, m badala ya nota za mistari mitano) wawe makini zaidi, kwa sababu f ni fa na m ni mi. Angalia mahali herufi ilipo: nota imo ndani ya mstari, imezungukwa na nukta pacha na vigawanyo vya mapigo, alama ya nguvu iko juu ya mstari, peke yake. Ukinakili wimbo kwa mkono, iandike kwa kalamu ya rangi nyingine, la sivyo mwimbaji mgeni ataiimba.

Sasa mabadiliko ya polepole. Mistari inayofunguka, au neno cresc., maana yake ongeza. Inayofunga, au dim. au decresc., maana yake punguza. Kosa linalojirudia ni waimbaji kuona cresc. na kulipuka palepale. Pale alama inapoanza bado uko chini. Chukua mfano wa baa mbili za mapigo manne, kutoka p hadi f. Mapigo matatu ya kwanza yabaki p kabisa, la 4 hadi la 6 yawe mp, la 7 na la 8 mf, kisha f itue kwenye pigo la kwanza la baa ya tatu, pale ilipoandikwa. Fanya zoezi hilo kwa "a" kabla ya kuweka maneno, tena rudi chini kwa ngazi zilezile. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Pumzi ikikatika njiani, wanaokaa jirani wapumue kwa zamu, wala wasipumue kwenye mstari wa baa.

Usichanganye alama ndefu inayofunga na ile fupi iliyo juu ya nota moja tu. Ile fupi ni mkazo wa nota hiyo. Vilevile dim. haigusi mwendo, anayepunguza mwendo ni rit. Kwaya ikiimba kwa sauti ndogo huzembea na kushuka ki, yaani sauti huteremka chini ya pale ilipotakiwa, ikiimba kwa nguvu hukimbia. Mwalimu aendelee kupiga mapigo yaleyale, na katika p adai konsonanti kali zaidi, maana ndizo zinazobeba maneno hadi viti vya nyuma.

Kiswahili kina jambo lake hapa. Mkazo wa neno uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nota ndefu mara nyingi huangukia ya mwisho. Katika "utuhurumie" nguvu iishie kwenye "mi", kisha "e" ilegezwe, hata kama ni ya mapigo manne. Waimbaji wakiibamiza hiyo "e", sentensi inavunjika na ombi linageuka amri.

Ukikuta sub. au subito, badilika ghafla bila matayarisho. fp ni kuanza kwa nguvu na kurudi p mara moja. Sfz ni msukumo wa ghafla kwenye nota hiyo.

Mpiga kinanda akichagua sauti ya ogani, kubonyeza kwa nguvu au taratibu hakubadilishi kitu kwenye vinanda vingi. Atumie pedali ya sauti, au apunguze idadi ya sauti zilizowashwa. Fundi mitambo naye apewe nakala ya nota, kwa sababu akiongeza maikrofoni kila kwaya inapoimba p, kazi yote inafutika.

Kupima, rekodi kwa simu iliyowekwa nyuma ya ukumbi. Programu nyingi za kurekodi husawazisha sauti zenyewe. Izime huduma hiyo ukiweza, kama haizimiki mtume mtu mwenye sikio zuri akakae huko nyuma na karatasi ya nota, aandike kila baa ngazi aliyoisikia.