Jinsi ya kufuatilia njia ya damu ndani ya moyo bila kukariri

Mtu akiambiwa aeleze damu inavyopita kwenye moyo anaanza kumwaga majina, auriko, ventriko, ateri, vena, akifika katikati kashasahau kulia ni wapi na kushoto ni wapi. Shida ni kwamba anakariri majina kabla hajajua kinachoisukuma hiyo damu. Damu haijui njia, inachojua ni kutoka penye presha kubwa kwenda penye presha ndogo, basi. Ukilishika hilo, majina utayaweka mwenyewe mahali pake.

Chukua karatasi na peni mbili, nyekundu na ya bluu. Bluu ni ya kutofautishia tu, usije ukaamini kuna damu ya bluu mwilini, damu iliyopungukiwa oksijeni nayo ni nyekundu ila imekolea zaidi. Chora boksi kubwa, ligawe vyumba vinne, viwili juu viwili chini. Alafu andika KULIA kwenye upande wako wa kushoto na KUSHOTO kwenye upande wako wa kulia. Ndio, kinyume hivohivo, maana moyo unachorwa kama vile mwenye moyo kasimama mbele yako mnatazamana, na hapa ndo maksi nyingi hupotelea. Vyumba vya juu ni auriko (wengine wanaita atria), vya chini ni ventriko.

Ukuta wa katikati upigie mstari mnene usio na tundu hata moja. Kwa karne nyingi waliomfuata Galen, daktari Mgiriki wa kale, waliamini damu inapenya kwenye vitundu vidogo vya ukuta huo kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka daktari Mwarabu Ibn al-Nafis kwenye karne ya 13 akaandika kwamba ukuta hauna tundu na damu lazima ipitie kwenye mapafu. Kwahiyo mshale wako ukikatiza ukuta jua umerudi kwa Galen. Wa kusamehewa ni mtoto aliye tumboni tu, yeye ana tundu kati ya auriko zake mbili kwasababu mapafu yake hayajaanza kupumua, na kawaida linajifunga akishazaliwa.

Sasa shika peni ya bluu. Damu iliyotoka kichwani na mikononi inashuka kwa vena kava ya juu, ya tumboni na miguuni inapanda kwa vena kava ya chini, zote zinaingia auriko ya kulia. Hapo inapita valvu (yaani mlango) ya trikaspidi kuingia ventriko ya kulia, inasukumwa kupitia valvu ya mapafu, inaingia ateri ya mapafu ambayo inagawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila pafu. Kwenye kapilari za mapafu, yaani vile vimishipa vyembamba kabisa, damu inaacha kaboni dioksaidi na kubeba oksijeni, kwahiyo badilisha peni hapohapo, usisubiri irudi kwenye moyo. Na nyekundu sasa: vena za mapafu, kawaida ziko nne, zinaingia auriko ya kushoto, valvu ya maitro, ventriko ya kushoto, valvu ya aota, alafu aota yenyewe ambayo inagawa kwa mwili mzima.

Umeona tayari kuna ateri ya bluu na vena nyekundu? Watu wanachanganyikiwa sana hapo kwasababu waliambiwa ateri ni damu yenye oksijeni na vena ni isiyo nayo. Futa hiyo kichwani. Ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo, vena ni unaoirudisha, rangi haihusiki.

Mchoro umekamilika ila bado unadanganya kitu kimoja, unaonyesha kama vile kulia kunaanza, kukimaliza ndo kushoto kunafuata. Hapana! Pande zote mbili zinapiga kwa pamoja, sekunde ileile ventriko ya kulia inaposukuma damu kwenda mapafuni, ya kushoto nayo inasukuma kwenda mwilini, ni damu mbili tofauti.

Sasa fuata presha kwenye pigo moja. Valvu ni mlango wa kufungukia upande mmoja, haujifungui wenyewe wala hauna wa kuufungua, ni damu ndo inausukuma. Ventriko zikiwa zimelegea presha yake inashuka chini ya ile ya auriko, milango kati ya auriko na ventriko (trikaspidi na maitro) inafunguka na damu inaingia yenyewe tu, yaani sehemu kubwa ya kujaa inafanyika kabla auriko hazijabana hata kidogo. Alafu kikundi kidogo cha seli kwenye ukuta wa auriko ya kulia, karibu na inapoingilia vena kava ya juu, kinatoa umeme, auriko zinabana na kuongezea kile kilichobaki. Umeme unacheleweshwa kidogo, kama sehemu ya kumi ya sekunde, ili auriko zimalize, ndo ushuke kwenye ventriko. Ventriko zikianza kubana presha inapanda, damu inataka kurudi juu, na kule kutaka kurudi ndo kunaifunga trikaspidi na maitro, unasikia ule mlio wa kwanza wa moyo. Kwa muda mfupi sana valvu zote nne zimefungwa, damu haina pa kwenda, presha inazidi tu kupanda mpaka iishinde ya kwenye aota, kama milimita 80 za zebaki (ndo kipimo cha presha) hivi kwa mtu mzima aliyetulia, ndo valvu ya aota inafunguka. Presha inafika kama 120, ventriko inalegea, damu ya aota ikitaka kurudi inaifunga valvu nyuma yake, na ya mapafu nayo hivohivo upande wa pili. Huo ndo mlio wa pili.

Upande wa kulia mambo ni yaleyale ila presha inafika kama 25 tu, mapafu yako jirani na mishipa yake haileti ubishi. Ndo maana ukuta wa ventriko ya kushoto ni mnene karibu mara tatu ya wa kulia, kwahiyo kwenye mchoro unenepeshe. Lakini kiasi cha damu ni kilekile kwa wastani, kama mililita 70 kwa pigo kila upande, karibu lita 5 kwa dakika. Kulia kukizidisha kwa muda damu itarundikana mapafuni.

Mwisho chora mishipa miwili midogo inayotoka kwenye aota juu kidogo tu ya valvu yake. Hizo ni ateri za koronari, zinaulisha moyo wenyewe, maana msuli wake hauwezi kutegemea damu inayopita vyumbani. Msuli wa kushoto unapata nyingi zaidi ukiwa umelegea, kwasababu ukibana unaiminya mishipa yake mwenyewe. Damu hiyo nyingi inarudi auriko ya kulia moja kwa moja bila kupitia vena kava.

Kujipima, usianze tena mwanzo, haribu valvu moja uone. Ya aota ikivuja damu inarudi ventriko ya kushoto. Maitro ikivuja inarudi auriko ya kushoto, presha ya humo inapanda, vena za mapafu zinashindwa kumwaga vizuri, na mgonjwa anaanza kuhema wakati tatizo liko kwenye moyo. Trikaspidi je? Fuata bluu kinyumenyume utafika kwenye ini na miguu, na ndiko uvimbe unakotokea.