Siku moja Mombasa? Anza na tumbo, Mji wa Kale

Ukiwa na siku moja tu Mombasa, usikimbilie ufukweni. Amka mapema uende Mji wa Kale kabla jua halijawa kali, ukae kwenye benchi la mama yeyote anayeuza mahamri na mbaazi za nazi. Kula taratibu. Hapo ndipo utakaposikia Kimvita chenyewe, Kiswahili cha Mombasa, na ukisalimia vizuri (shikamoo kwa wazee, usiisahau) utaelekezwa njia bila kulipa mtu.

Ukishiba, ingia ngome ya Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Cairati, na Waomani wakaiteka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Kisha fuata mtaa wa Ndia Kuu, utazame milango ya nakshi na roshani za mbao. Ukipenda picha ya mtu, muombe kwanza.

Soko la Marikiti ni karibu, nenda ukanuse bizari, iliki na mdalasini. Hekalu la Wajaini (waumini wa dini ya Ujaini kutoka India), la marumaru nyeupe, nalo liko mtaa wa jirani wa Langoni. Viatu huvuliwa mlangoni. Dada yangu, beba leso kwenye mkoba: itakusitiri mitaani na pia utaikalia jioni.

Mchana pumzika, joto si mchezo.

Alasiri panda tuktuk hadi Lighthouse, kando ya bahari, mkishapatana bei kabla ya kupanda. Nunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, au dafu, kisha tazama meli zikiingia bandari ya Kilindini.