Funga difu kabla tairi halijaanza kuteleza

Lori lenye ekseli mbili za kuvuta kwa kawaida huwa na loki za difu (gia zinazoruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti) za aina mbili: moja huunganisha ekseli zenyewe, nyingine hufunga gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja. Anza na ya kwanza, tena kabla ya kuingia kwenye theluji. Simama au nenda polepole, achia mafuta, bonyeza swichi, ngoja taa iwake. Tairi likiwa tayari linazunguka bure, usiguse swichi. Meno ya loki hugongana na kuvunjika, au shafti hukatika, na hapo umebaki na kazi ya kuvutwa.

Loki ya kushoto na kulia ni ya kujinasua tu. Ikifungwa, lori hung'ang'ania kwenda mbele hata ukikata usukani, kwa hiyo baki chini ya kilomita 40 kwa saa (kitabu cha lori kikisema chini ya hapo, fuata kitabu) na usiitumie mteremkoni: trela inaweza kukusukuma ukajikunja.

Ukishika lami kavu, fungua zote. Taa ikikataa kuzimika, shafti bado zimekazana. Achia mafuta, chezesha usukani kidogo, au rudi nyuma mita moja hivi.