Indiketa Ugenini: Lini Uiwashe, Lini Uiache, Lini Uizime

Waafrika Mashariki wanaojiandaa kwa mtihani wa udereva Ulaya au Marekani huniuliza swali moja mara nyingi: je, ni lazima dereva awashe indiketa kila anapokata kona au kuhama leni, hata kama barabara ni tupu? Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kuendesha upande wa kushoto na wa kulia, ni kwamba iwashe kila mara, isipokuwa mahali pachache ambapo sheria yenyewe inakataza, au ambapo taa hiyo ingempotosha mtu. Mahali hapo pachache ndipo wengi wanapoanguka, na aghalabu hawaanguki kwa kutojua sheria bali kwa mazoea waliyotoka nayo nyumbani.

Tuanze na mkono wenyewe wa indiketa. Magari mengi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na katika magari hayo indiketa iko upande wa kulia wa usukani, ilhali waipa ziko kushoto. Katika magari yanayouzwa Ulaya na Marekani, yakiwemo yale ya Uingereza ambayo usukani wake uko kulia kama wetu, kwa kawaida mpangilio ni kinyume. Ndiyo maana dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi hufika kwenye makutano katika wiki yake ya kwanza, akasukuma mkono aliouzoea, na waipa zikaanza kufuta kioo kikavu huku gari lililo nyuma yake halijapata taarifa yoyote. Hatari iko katika sekunde inayofuata, kwa sababu dereva huyo hutazama chini kutafuta mkono sahihi wakati ambapo macho yake yanapaswa kuwa barabarani. Kabla hujaingia njiani kwa mara ya kwanza, kaa ndani ya gari likiwa limeegeshwa, uwashe kushoto, uwashe kulia, uzime, urudie mara ishirini au thelathini, mpaka vidole viifahamu kazi hiyo bila msaada wa macho.

Jambo zito zaidi ni lugha ya taa tuliyokua nayo. Katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, au ya Nairobi kwenda Mombasa, dereva wa lori anayewasha indiketa ya kulia bila kukata popote anamwambia aliye nyuma asipite, kwa kuwa kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anamwambia kwamba njia ni nyeupe. Usiku taa ya kulia huwashwa pia ili anayekuja aone lori linaishia wapi. Katika makutano mengi ya Tanzania, hazadi, yaani indiketa za pande zote mbili zikiwaka kwa pamoja, hueleweka kuwa dereva anakwenda moja kwa moja. Kwenye matatu na daladala, mkono wa kondakta ukitoka dirishani, nafasi hupatikana. Ninaiheshimu lugha hii, kwa sababu imeokoa watu wengi katika barabara nyembamba zenye milima na magari marefu, ingawa si Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 wala Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, iliyoifundisha.

Ugenini lugha hiyo haieleweki, na anayeitegemea anaweza kufa. Lori la Uingereza linalowasha taa ya kulia kwenye barabara kuu linakuja kwenye leni yako. Likiwasha ya kushoto, linarudi kushoto, na halikuambii lolote kuhusu kilicho mbele. Dereva wa Ulaya hachukui dhamana ya kukuruhusu upite: uamuzi wa kupita ni wako peke yako, kwa macho yako mwenyewe.

Hazadi nazo zina sheria zake. Kanuni za barabara za Uingereza zinaruhusu ziwashwe gari likiwa limesimama na kuzuia njia kwa muda. Gari linapotembea haziruhusiwi, isipokuwa kwenye barabara kuu za mwendo kasi, tena kwa kitambo tu, ili kuwaonya walio nyuma kwamba mbele kuna hatari. Hata gari linalovutwa halipaswi kuziwasha nchini Uingereza. Ujerumani ni kinyume kabisa, kwani gari linalovuta na linalovutwa baada ya kuharibika yote mawili yanatakiwa kuwasha hazadi. Sababu ya Waingereza ni rahisi kuielewa, maana gari lenye hazadi haliwezi tena kuonyesha linakokwenda, na kuziwasha kwenye makutano ili kusema "naenda moja kwa moja" kunamfanya anayeiona taa ya upande mmoja tu aamini kwamba unakata kona.

Uingereza hufundisha utaratibu wa hatua tatu: kioo, ishara, kisha mwendo. Wengi wetu tunaigeuza, tukawasha taa kwanza ndipo tutazame, kana kwamba taa imekwisha kutupa haki ya kuingia. Kanuni zao zinasema wazi kwamba ishara haikupi kipaumbele chochote. Zinasema pia kwamba, kabla ya kuiwasha, uhakikishe haitampotosha mtu wakati huo. Chukua mfano wa kituo cha mafuta kilicho upande wa kushoto, mita chache baada ya barabara ndogo ya upande huohuo. Ukiwasha kabla hujaifikia barabara ndogo, dereva anayesubiri kutoka ataamini kwamba unaingia kwake, atatoka, na mtagongana ilhali kila mmoja anaapa kwamba alifuata taa. Hapo subiri hadi uwe sambamba na mdomo wa barabara ile, ndipo uwashe. Vivyo hivyo taa iliyosahaulika: usukani ukirudi kidogo tu, kama inavyotokea unapohama leni, indiketa huenda isijizime, nawe ukaendelea kuwatangazia watu kona usiyoikata. Izime kwa mkono.

Kuhusu kipilefti, au raundabauti kama wasemavyo Kenya, Uingereza ina mpango ambao mtahini ataufuatilia hatua kwa hatua. Unayetoka kwa njia ya kwanza, washa kushoto kabla ya kuingia. Unayekwenda kulia au unayezunguka kurudi ulikotoka, washa kulia unapokaribia, kisha ubadilishe kwenda kushoto baada ya kuipita njia iliyo kabla ya yako. Unayekwenda katikati, usiwashe chochote unapoingia, ila washa kushoto ukishaipita njia iliyo kabla ya ile unayoitaka. Tangu Januari 2022 kanuni hizo pia zinamtaka dereva anayekata kona ampishe mtembea kwa miguu anayesubiri kuvuka barabara anayoiingia. Mtembea kwa miguu huyo anaitegemea indiketa yako kuliko mtu mwingine yeyote, naye ndiye ambaye dereva aliyezoea kutazama magari tu hamwoni, akasema "hapakuwa na mtu." Hii ndiyo sababu siwafuati wakufunzi wanaosema kwamba taa iwashwe pale tu ambapo kuna mtu wa kuiona. Kwa dereva mzoefu anayeijua mitaa yake, hoja hiyo ina uzito. Kwa mgeni ambaye bado hajui mwenye baiskeli hutokea upande gani, haina. Kumbuka pia kwamba leseni ya Kenya, Uganda au Tanzania inakuruhusu kuendesha Uingereza kwa miezi 12 tu tangu uwe mkazi, na baada ya hapo utafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani.

Ujerumani muda huo ni miezi 6, na mitihani yote miwili inakungoja. Hapo kuna mtego unaowapata hasa waliotoka Uingereza: katika kipilefti chenye alama ya duara la mishale pamoja na ile ya kutoa njia, kuwasha indiketa unapoingia hakuruhusiwi kisheria, na kuiwasha unapotoka ni lazima. Mtego wa pili ni barabara yenye kipaumbele inayopinda kwenye makutano. Unaifuata tu barabara uliyokuwa nayo, huhisi kwamba umekata kona, lakini kwa kuwa imepinda unatakiwa kuwasha taa ya upande inakopindia. Anayeiacha na kwenda moja kwa moja hawashi. Na taa peke yake haitoshi: kabla ya kukata kona geuza kichwa utazame juu ya bega, kwa kuwa mwenye baiskeli anayekwenda moja kwa moja kando yako ana haki ya kupita kwanza.

Marekani kila jimbo lina sheria yake, ingawa majimbo mengi, kama Texas na Minnesota, yanataka taa iwake kwa angalau futi 100, yaani mita 30 hivi, kabla ya kona. California inaitaka ishara pale ambapo gari jingine linaweza kuathiriwa na mwendo wako, lakini usijenge utetezi wako juu ya sentensi hiyo. Jua pia kwamba indiketa za nyuma za magari mengi ya huko ni nyekundu, wakati mwingine zikitumia taa ileile ya breki, kwa hiyo jicho lililozoea rangi ya chungwa huchelewa kuzisoma.

Kwa mtu mweusi, Marekani indiketa ina uzito mwingine. Mwaka 1996, katika kesi ya Whren iliyoanzia Washington, ambako gari lilikata kona bila ishara, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba kosa la barabarani linatosha kuhalalisha kusimamishwa, hata kama askari alikuwa na nia nyingine moyoni. Julai 10, 2015, huko Prairie View, Texas, Sandra Bland, Mmarekani mweusi wa miaka 28, alisimamishwa kwa kuhama leni bila ishara. Mwenyewe alimweleza askari kwamba alikuwa akilipisha gari la askari huyo lililomkaribia kwa kasi. Mabishano yakazuka, akakamatwa, na siku tatu baadaye alikutwa amekufa katika seli ya jela. Mamlaka zilisema alijiua. Sisemi kwamba kosa lilikuwa lake. Ninasema kwamba, gari la polisi likikujia nyuma na ukaamua kulipisha, iwashe taa kwanza, hata kama moyo unakwenda mbio.

Na likiwasha taa zake ili usimame, washa indiketa ya kulia mara moja, upunguze mwendo, na utafute mahali salama upande huo, ili askari ajue kwamba umemwona na hukimbii. Ukishasimama, weka mikono yote miwili juu ya usukani, ubaki ndani ya gari, na usifungue droo ya karatasi mpaka atakapoomba leseni.