Kupima ploti ya msitu mteremkoni bila kuharibu hesabu

Wanafunzi wa misitu wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, wana msitu wa mafunzo huku Olmotonyi, kwenye mteremko wa Meru, jirani na Chuo cha Misitu. Darasani mti unapimwa kwa mstari mmoja wa fomula. Ukifika kwenye mipaina, ardhi imeinama na sindano, yaani majani yake membamba yaliyodondoka, zinateleza, ndipo makosa yanapoanza, na mengi huanzia chini kabisa, kwenye ploti yenyewe, kile kipande cha msitu kinachopimwa kwa niaba ya msitu mzima.

Ploti ya duara ya hekta 0.05 ina nusukipenyo cha mita 12.62. Umbali huo ni wa usawa, kama ungepimwa kwenye ramani, si wa kufuata mgongo wa mlima. Piga kigingi katikati, kisha pima mwinuko kwa klinomita kuelekea kila mti unaoutilia shaka kama umo ndani. Mwinuko ukiwa nyuzi 20, gawa 12.62 kwa kosaini yake, 0.94, na mpaka wa ploti unasogea hadi mita 13.43. Mti ulio ubavuni, ambako ardhi haipandi wala haishuki, unabaki na 12.62. Wapo wanaopima mwinuko mara moja tu na kuzungusha kamba ya 13.43 pande zote: ploti inavimba. Wasiosahihisha kabisa, ploti inasinyaa. Idadi ya miti inazidishwa kwa 20 ili kupata idadi ya hekta nzima, kwa hiyo mti mmoja uliokosewa unageuka 20. Mti wa mpakani huamuliwa kwa katikati ya shina lake, si kwa gome.

Anzia kaskazini, zunguka kama mshale wa saa, na kila mti uliopimwa utiwe chaki upande unaotazama kigingi. Karani aandike kwa penseli. Wino na ukungu wa Meru havipatani. Na arudie kila namba kwa sauti, maana "sitini" na "tisini" zikipigiwa kelele kutoka mbali hufanana kuliko unavyodhani.

Kipenyo kinapimwa mita 1.3 kutoka ardhini, ukiwa umesimama upande wa juu wa mteremko. Kata fimbo iliyonyooka ya urefu huo. Chini ya mipaina kuna godoro la sindano, basi isukume fimbo mpaka iguse udongo. Ukiiegesha juu ya sindano, unapima juu kuliko inavyotakiwa. Futi ya kupimia izungushwe ikae mraba na shina hata kama mti umeinama. Ikilegea au ikipanda juu ya mzabibu pori, kipenyo kitazidi tu, hakiwezi kupungua. Kama ni futi ya kawaida, si ile inayosoma kipenyo moja kwa moja, umepata mzingo: gawa kwa 3.142. Sentimita 94.2 ni mti wa sentimita 30, na kuna fomu nyingi zimewahi kuandikwa 94. Mti uliogawanyika chini ya 1.3 ni miti miwili, juu yake ni mmoja. Palipo na pete ya matawi, pima juu na chini yake kwa umbali sawa, chukua wastani.

Kwa urefu, simama ubavuni mwa mti, mita 20 za usawa. Klinomita huwa na skeli mbili. Ielekeze juu nyuzi 45, ile inayosoma 100 ndiyo ya asilimia. Ukisoma kilele 85 na kitako 9 chini ya usawa wa jicho, jumla ni 94, na 94 kwa mia ya 20 ni mita 18.8. Ukilazimika kusimama bondeni, kitako nacho kinasomeka juu ya jicho lako: hapo unatoa, hujumlishi. Hakikisha unakiona kilele chenyewe. Kwenye misaipresi iliyobanana, tawi la mbele hujifanya kilele.

Mti huo wa sentimita 30 una eneo la mkato wa shina la mita za mraba 0.0707. Zidisha kwa 18.8, kisha kwa kigezo cha umbo, kwa kuwa shina huchongoka kuelekea juu, tuseme 0.5: mita za ujazo 0.66. Kipenyo kingesomwa 32, eneo lingekuwa 0.0804, yaani karibu asilimia 14 zaidi kwa sentimita mbili tu. Ndiyo maana kabla ya kung'oa kigingi mnachagua miti mitatu na kuipima upya, na anayepima asiwe yule wa mwanzo.